Reli Imelala

Masalu alinuka grisi hata siku ya Jumapili, na pale kituoni tulimcheka kwa hilo. Mimi nilimcheka kuliko wote. Nilikuwa karani wa reli, umri wangu miaka ishirini na minne, na nilitoka Bukoba, ambako siku zile kijana aliyemaliza kidato cha nne alijiona amemalizana na dunia. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali nisipostahili.

Kituo chetu kilikuwa kidogo, ukitoka Misungwi kwenda Mwanza: jengo moja la mawe, tangi la maji na nyumba tatu za wafanyakazi. Treni zilizotoka Tabora zilipita kwetu kabla ya kuingia mjini. Mkuu wa kituo alikuwa Bwana Bagenda, Mhaya mwenzangu, mtu wa viatu vinavyong'aa na Kiswahili cha vitabuni, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kukanyaga kambi ya genge. Masalu ndiye alikuwa mnyapara wa genge hilo. Alikuwa na watu saba, na kazi yao ilikuwa kutunza maili sita za njia: kukaza boliti, kushindilia kokoto, kufyeka nyasi na kuzibua mitaro. Kambi yao ilikuwa maili nne mbele yetu, penye kona, karibu na korongo.

Alikuwa mrefu, na mgongo wake ulikuwa umepinda kwa kutazama chini miaka ishirini na sita. Ukitembea naye hakukuangalia usoni. Aliangalia chuma. Reli aliiita "leli", nami nilikuwa namsahihisha mbele ya watu bila haya.

"Sema reli, mzee."

"Ndiyo, nshomile. Leli," alijibu, na wenzake wakaangua kicheko, maana nshomile ndilo jina Wasukuma wanalotutania sisi Wahaya, kwamba tumesoma mno. Hakuwahi kukasirika. Laiti angekasirika siku moja tu, labda ningejifunza adabu mapema.

Mwaka 1974 watu wa milimani walihamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa kando ya njia yetu, na muda si mrefu mabehewa mawili ya pamba yakatoka relini. Kijijini walisema ni makaburi ya wazee yaliyoachwa kule juu, yamekasirika. Nilimpelekea Masalu habari hiyo nikitegemea acheke nami. Hakucheka. Alinichukua mpaka pale mabehewa yalipotoka relini, akachuchumaa, akaniita nichuchumae.

"Makaburi yana shida zake, mimi siyaingilii," alisema. "Lakini tazama. Hapa maji yamekula kokoto. Taruma lililobeba leli limebaki linaning'inia, halina kitu chini. Treni ikipita, leli inazama kidogo, inarudi. Inazama, inarudi. Boliti zinalegea. Siku jua likiwa kali chuma kinarefuka, kinatafuta pa kwenda, kinakosa. Halafu aje dereva mwenye haraka. Hakuna hata kimoja hapo kinachoangusha treni peke yake. Vinangojana."

Siku ile ndipo aliponifundisha lugha ya genge. Kwao reli haiharibiki wala haiwi nzuri. Ikiwa salama wanasema imekaa. Ikizama upande mmoja na kugoma kurudi, wanasema imelala. Nilimwambia neno hilo ni kinyume, kwamba kitu kilicholala ni kitu kilichotulia. Akanishangaa kweli kweli.

"Ng'ombe wako akilala saa sita mchana, wenzake wote wako malishoni, wewe utasema ametulia?"

"Kwetu tuna migomba, mzee. Mgomba haulali."

"Basi ndiyo maana hamjui. Akilala mchana huyo ni mgonjwa. Leli ikilala, usipitishe kitu."

Nililielewa neno hilo tangu siku ile. Nataka hili lijulikane. Sikulielewa nusu nusu, wala sikulisahau.

Masalu alikuwa na redio ya mkulima, kiboksi cha mbao chenye betri alizozianika juani ili zipate nguvu tena. Aliifungulia taarifa ya habari, akasikiliza amekunja uso, kisha akaitafsiri dunia yote kwa mambo ya njia ya reli. Reli zetu zilikuwa za Waingereza. Ubavuni kwenye chuma ulisoma mwaka 1926 na jina la mji wao. "Wenyewe wameondoka, chuma chao bado kinatubeba," alisema. Wachina walipomaliza kujenga Reli ya Uhuru alifurahi kama vile imepita kwake, akidhani sasa boliti zitapatikana. Nilipomweleza kwamba reli ile ni pana kuliko yetu kwa vidole vitatu na ushee, na kwamba behewa la kule haliwezi kuja huku, alizima redio.

"Nchi moja, na treni haziwezi kusalimiana," alisema.

Jambo lililomuumiza zaidi ni kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977, nchi tatu zilipogawana meli, ndege na injini, na mpaka wa Kenya ukafungwa, sisi wasomi tulibishana kuhusu siasa: nani bepari, nani mnafiki. Masalu aliuliza swali moja tu: karakana kubwa iko Nairobi, boliti zitatoka wapi? Alinieleza kwamba kati ya reli na reli lazima uache nafasi, unene wa kucha ya kidole gumba. Ukizibananisha, jua likiwaka zinapinda. Ukiziachanisha mno, gurudumu linagonga mpaka linavunja. "Wakubwa hawa watatu walibanana mno," alisema, "na sasa wameachana mno. Tutaona nani atapita hapo katikati."

Tuliotumbukia katika nafasi hiyo ni sisi. Barua za kuomba boliti nilizipiga mashine mwenyewe, saba kwa mwaka mmoja, na Bwana Bagenda alizisaini zote. Hatukupata hata majibu ya kutukatalia. Masalu akaanza mtindo wake aliouita kuazima. Kila kiungo cha reli kilikuwa na boliti nne. Penye kiungo kilichobakiwa na mbili, alikwenda kwenye kiungo kizima, akafungua boliti moja, akaileta. Hivyo akawa na viungo vingi vya boliti tatu tatu. Bendera yake nyekundu ya kusimamishia treni nayo ilikuwa imepauka kwa jua mpaka ikawa rangi ya kitambaa cha jikoni. Aliomba nyingine. Hiyo pia niliipigia mashine.

Mwaka 1978 ndio ule wa Mapapa watatu. Kwetu Wakatoliki ilikuwa kama paa limetikisika: mmoja anazikwa, wa pili anachaguliwa, anakufa kabla hatujazoea jina lake, wa tatu anatoka nchi ya wakomunisti. Masalu, ambaye hakuwa amebatizwa, alinipa pole kila mara, ingawa mkewe Teodora ndiye aliyekuwa akisali. Redioni Waarabu na Wayahudi walikuwa wamepatana huko Amerika, na kule Uajemi watu walikuwa barabarani. "Kuna mahali imelala," Masalu aliniambia mwezi wa kumi, akimaanisha dunia. "Sijui ni wapi, lakini naisikia kwenye miguu." Nilicheka.

Wiki mbili baadaye nduli, dikteta wa nchi jirani, aliingia Kagera na jeshi lake.

Mama yangu, Leonsia, aliishi ng'ambo ya mto, karibu na Bunazi, yaani mle mle walimoingia. Redio ilisema wananchi wameuawa, wengine wamechukuliwa, ng'ombe na mabati ya nyumba yamebebwa. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Barua hazikwenda wala kurudi. Nilikuwa sili. Nilikaa mezani na sikio kwenye redio kama vile mtangazaji angemtaja mama kwa jina.

Halafu treni za jeshi zikaanza. Zilipita mchana kutwa, zimejaa askari, mizinga imefunikwa maturubai, magunia ya unga, mapipa ya dizeli, zote zikielekea bandari ya Mwanza kupanda meli kuvuka ziwa. Watu wa kijiji walijipanga kando ya njia wakapunga mikono, matawi, kanga na kofia. Askari walipunga nao. Madereva walipiga honi mpaka kona. Mimi nilisimama jukwaani nikizihesabu, na kila moja niliiona inakwenda kwa mama. Kila iliyochelewa nilihisi ni mimi ninayechelewa.

Masalu hakupunga. Alikuja kituoni siku tatu mfululizo kumwambia Bwana Bagenda kwamba treni hizi ni nzito, zinakwenda mbio, na mvua za mwezi huu ni mbaya. Bwana Bagenda alimjibu kwamba nchi iko vitani. Masalu akasema hata vita vinapita juu ya boliti. Alifukuzwa ofisini kwa jibu hilo, kistaarabu, kwa Kiswahili safi sana.

Tarehe 21 Novemba ilinyesha alfajiri yote. Saa mbili na nusu asubuhi Masalu aliingia kwa miguu, amelowa mpaka kiunoni, spana begani. Watu wake alikuwa amewatuma mwisho wa maili zao kuzibua mtaro. Yeye alikuta ubaya peke yake, pale penye kona. Alichomeka bendera yake katikati ya njia, akaja kutoa taarifa. Kwa ratiba treni ya kwanza ilikuwa ya saa nane mchana, kwa hiyo alikuwa na muda wa kurudi na kushindilia. Bwana Bagenda alikuwa nyumbani akinywa chai. Mimi nilikuwa na redio.

"Andika," alisema. "Leli imelala konani."

Niliandika kwenye kitabu cha taarifa: *Saa 2.30. Mnyapara anasema reli imelala penye kona.* Niliandika "reli", nikajisikia nimeisahihisha. Yeye hakuongeza neno. Kwake taarifa ilikuwa imekamilika. Ungemwambia mtu yeyote wa genge hivyo, angekimbia. Akaniuliza, "Mama je?" Nikatikisa kichwa. Akanishika bega kwa mkono wake wa grisi, kisha akaenda stoo kuangalia kama kuna boliti hata moja iliyosahauliwa. Hakukuwa na boliti. Saa tatu akaanza kurudi kwa miguu.

Dakika kumi baada ya yeye kuondoka simu ililia. Treni maalumu, haimo kwenye ratiba, inabeba unga, mahema na dizeli, itapita kwetu saa nne kasorobo, isisimamishwe ila kwa sababu kubwa. Bwana Bagenda aliingia akijifuta midomo kwa leso.

"Kuna neno lolote mbele?" aliuliza.

Kanuni ilikuwa wazi. Ilinipasa niandike karatasi ya tahadhari, treni isimame, dereva aipokee, aende mwendo wa mtu anayetembea mpaka penye kona, angoje genge lifanye kazi. Saa tatu, pengine nne, za kungoja. Meli ingeondoka Mwanza bila mzigo ule. Nilimwona mama. Sikumwona kwa namna ya ndoto, nilimwona tu, amekaa kwenye kigoda chake anamenya ndizi, na watu wenye bunduki wanaingia uani.

Sikusema kitu. Nilimsogezea kitabu.

"Reli imelala," alisoma kwa sauti. "Haya, vizuri." Akasaini.

Nilijua. Nilijiambia imelala mara nyingi na treni zimepita. Nilijiambia Masalu ni mtu wa kutia chumvi. Nilijiambia bendera ipo. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi la kujiambia. Treni ilipita saa nne kasoro dakika kumi, mbio, na nilitoka jukwaani nikaipungia.

Yaliyofuata niliyasikia baadaye kutoka kwa askari mmoja wa ulinzi aliyekuwa amekaa juu ya magunia. Maili moja kabla ya kona walimwona mzee mrefu kando ya njia. Aliposikia treni nyuma yake aligeuka, akatupa spana, akavua shati, akalipunga juu kwa mikono miwili, akiruka na kupiga kelele. "Tulisema, mzee huyu anaipenda nchi kweli," askari alieleza. Walimpungia wote. Dereva alimpigia honi mara tatu kwa heshima. Masalu alikimbia kandokando akipunga, nao wakamshangilia mpaka alipobaki nyuma.

Bendera iliyopauka dereva hakuitambua, na injini ilitoka relini pale penye kona na kulalia ubavu korongoni, mabehewa manne yakaifuata. Unga ulimwagika ukachanganyika na dizeli na matope. Dereva alivunjika nyonga. Msaidizi wake, Venant, kijana wa Kashozi aliyekuwa akinitupia magazeti ya Tabora kila alipopita, alibanwa na chuma na akafa kabla Masalu hajafika. Masalu ndiye aliyemfunika kwa shati lile.

Watu watatu walikuja kuchunguza. Walikaa kwenye chumba cha abiria, meza yetu wakaiweka katikati. Mmoja alikuwa injinia, mwingine karani wake, na wa tatu alivaa kaunda suti na hakutaja kazi yake. Huyo wa tatu alikuwa na neno moja tu mdomoni: hujuma. Nchi iko vitani, treni ya jeshi imeanguka, na kwenye njia ile ile, viungo kumi na tisa vimekutwa vimefunguliwa boliti, kimoja kimoja, kwa mpango. Nani amefungua? Masalu alisema ni yeye. Akaeleza kuazima. Yule mtu aliandika huku akitabasamu, maana kwake ilikuwa ungamo.

Kilichobaki ni kitabu changu. Kama mnyapara alitoa tahadhari asubuhi ile, basi si mhujumu. Mtu hafungui boliti kisha akatembea maili nne mvuani kuja kusema. Kama alitoa taarifa kwamba njia ni salama, basi amewadanganya wenye treni. Hata mtoto angeona kwamba maisha ya Masalu yalining'inia kwenye neno moja nililoliandika kwa hati yangu nzuri.

Asubuhi ya siku hiyo Bwana Bagenda alinikaribisha chai, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake. "Kamugisha," alisema, "mimi na wewe ndio tulioshika karatasi mwisho. Wewe uliandika, mimi nikasoma. Neno lile kwa Kiswahili lina maana moja, sivyo?" Hakuniambia niseme uongo. Hilo sitamsingizia. Uongo niliutoa mwenyewe.

"Uliripoti nini?" yule wa kaunda suti alimuuliza Masalu.

"Leli imelala."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Imelala, imetulia, haina wasiwasi. Na baada ya saa moja na ushee mtu amekufa."

Masalu alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika. "Kulala si kutulia, mzee! Kulala ni ugonjwa!" Akanigeukia. Alinitazama usoni, yeye ambaye siku zote alitazama chuma. "Kamugisha, mwanangu. Waambie kulala ni nini. Wewe nilikufundisha."

Hakuniita nshomile.

Ningesema kweli, ningekuwa nimesema mambo mawili kwa pamoja: kwamba Masalu hana kosa, na kwamba mimi nilijua nikaipitisha treni, na Venant amekufa kwa kunyamaza kwangu. Nilisikia saa ya ukutani. Bwana Bagenda alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mimi nilielewa kwamba reli iko salama," nilisema. "Ndiyo maana ya neno hilo."

Injinia alinitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida, kisha akaandika. Masalu alikaa chini, akaanza kujifuta grisi kwenye vidole, kimoja baada ya kingine, na haikutoka.

Hujuma hawakuweza kuithibitisha, wakamshitaki kwa uzembe uliosababisha kifo. Niliitwa mjini kurudia maneno yangu mbele ya hakimu, nikayarudia bila kukosea. Baadaye nilitembea mpaka bandarini, pale reli zinaposhuka hadi ukingoni mwa maji, ambapo zamani mabehewa yaliingizwa kwenye feri kwenda Kisumu. Tangu mpaka ufungwe hapakuwa na feri ya Kisumu. Reli ziliishia ziwani, zina kutu, na mawimbi yanazigonga. Nilisimama hapo mpaka mlinzi akanifukuza.

Alipewa miaka minne. Siku ya tano baada ya hukumu nilipata barua yenye muhuri wa parokia moja Bukoba. Mama alikuwa amevuka mto siku mbili kabla daraja halijalipuliwa, yeye na mbuzi wake wawili, na tangu hapo alikuwa akilala darasani kwa masista, mzima, akilalamika kuhusu chakula. Treni ile niliyoiharakisha ilipopita kwetu, mama alikuwa na wiki mbili na nusu mahali salama. Nilisoma barua hiyo mara nyingi. Sikujua kama nishukuru au nijilaani.

Vita vilikwisha, nduli akakimbia, sherehe zikafanyika. Baada ya sherehe sukari ikapotea, sabuni ikapotea, mafuta ya taa tukapanga foleni. Redioni Uajemi ilikuwa imegeuka, mafuta yamepanda, na viongozi walitutaka tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Boliti hazikuja. Mnyapara mpya aliyeletwa badala ya Masalu aliendelea kuazima, maana hapakuwa na namna nyingine, na nikamwandikia barua zilezile, nikibadilisha tarehe tu. Bwana Bagenda alipandishwa cheo, akahamia Tabora.

Masalu alitoka mwaka 1981, baada ya kupunguziwa kwa tabia njema. Kazi hakuwa nayo tena, nyumba ya genge alikuwa nayo mtu mwingine, na kiinua mgongo chake kilipotea na kesi. Teodora alikuwa amejenga kibanda mwisho wa kijiji, karibu na njia. Asubuhi ya tatu baada ya kutoka nilimwona kwa mbali. Anatembea juu ya mataruma, polepole, mgongo umepinda zaidi, ana jiwe mkononi badala ya nyundo, anagonga reli, anasikiliza, anaendelea. Alifanya hivyo kila siku. Watu walisema jela imemharibu akili. Mimi nilijua akili yake ni nzima kuliko ya wote waliomfunga, nikiwemo mimi.

Alipofika kituoni nilisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alitazama ukuta, kitabu, redio yangu. "Mama alipatikana?"

"Alipatikana, mzee. Alikuwa Bukoba."

"Ah. Vizuri sana," alisema, na alisema kwa moyo wake wote, na hilo ndilo lililonivunja. Ningependa angenitukana. Nilifungua mdomo nimwambie kila kitu, lakini alikuwa ameshageuka. Mlangoni alisema bila kutazama nyuma: "Mwambie mnyapara wenu, kiungo cha pili baada ya karavati la maji kimelala." Nilimwambia mnyapara kwa maneno ya kuzidi mahitaji. Niliandika karatasi ya tahadhari kubwa kama gazeti. Treni ilisimama.

Kwa miaka miwili alileta taarifa namna hiyo, pengine mara moja kwa wiki, na kila mara niliandika, na katika muda wote huo hakuna treni iliyoanguka kwenye maili zile. Nilipanga kumwomba msamaha wakati wa Pasaka, kisha wakati wa Noeli. Mvua ya 1983 ilimnyeshea njiani, akapata homa ya mapafu. Kwenye zahanati ya kijiji hakukuwa na sindano. Alikufa Jumanne.

Siku ya mazishi Teodora alikuja kituoni na ubao mdogo wa msalaba, kwa imani yake yeye, na kopo la rangi nyeusi. Yeye hakujua kusoma. Alisema kila mtu amemwambia kwamba karani ana hati nzuri. Niliweka ubao mezani, meza ile ile ya uchunguzi, nikachovya brashi.

"Niandike nini, mama?"

"Wanavyoandika. Hapa amelala Masalu."

Nilimwambia kuna maneno mengine mazuri, naweza kuandika amepumzika, naweza kuandika jina tu na mwaka. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

"Andika amelala," alisema. "Alinieleza. Wengine wakisoma watadhani ni usingizi. Wewe ukipita utajua."

Kwa hiyo nilijua kwamba alijua uongo wangu, na kwamba Masalu alijua, siku zote alizokuja kunipa taarifa na kuniulizia mama. Nililia mbele yake bila aibu. Alingoja nimalize, akanisukumia kopo la rangi.

Niliandika. Nilizipima herufi kwa rula zisipinde, nikaacha nafasi sawa kati ya neno na neno. Kaburini watu walinyoosha shingo kuusoma ule msalaba, na balozi wa nyumba kumi akanipa mkono. Hati yangu ni nzuri. Waombolezaji wote waliisifu.